Kamera za Masenge Skolastika

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka ya mji wa Kasulu si ya soko wala ya vumbi jekundu la kiangazi. Ni ya dawa ya kusafishia picha, kali kama siki, iliyopenya kutoka nyuma ya pazia jeusi la studio ya masenge. Masenge ndivyo sisi Waha tunavyomwita shangazi, na huyu wangu, Skolastika, alikuwa mwanamke pekee mjini aliyejipatia riziki kwa kupiga picha. Mwaka ule mama yangu alilazwa hospitalini Kibondo, akiwa na mimba iliyomsumbua, nami nikapelekwa kwa masenge likizo nzima. Nilikuwa darasa la tatu. Nililala chumba cha nyuma, chini ya rafu alikopanga kamera za zamani: moja ya boksi aliyoiacha mwalimu mstaafu wa Rungwe Mpya, nyingine ya kukunjuka kama kodiani, ngozi yake imepasukapasuka, na moja yenye macho mawili, ambayo mpigaji huiinamia kama mtu anayechungulia kisima. Watu walimletea zikiwa zimekufa. Alizifungua kwa bisibisi ya cherehani, akazifuta kwa kitambaa chenye spiriti, akazifufua. Majirani walimcheka wakisema Skola anafuga mizoga. Yeye alitabasamu tu na kusema kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Siku moja ya soko akaingia mwanamume mrefu, amevaa koti licha ya jua, amebeba begani sanduku la mbao lenye miguu mitatu. Alitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Jina lake Asukulu, na kwao Baraka, ng'ambo ya ziwa, alikuwa mpiga picha. Sanduku lile lilikuwa kamera, na ndani yake mlikuwa na kila kitu: jicho la kioo, karatasi, visahani vya dawa, na shimo lenye mkono wa shati jeusi ambamo aliingiza mkono wake na kufanya kazi gizani kwa kupapasa.

"Mama, niko natafuta mutu wa kuinunua," alisema, macho yake sakafuni. "Hii apareyi ndiyo ilisomeshaka watoto yangu. Lakini sasa watoto wako na njaa."

Masenge alilizunguka lile sanduku, akaligusa pembe zake zilizong'arishwa na viganja vya miaka mingi. Nilijua alilitamani, maana alikuwa amebana pumzi. Kisha akasema, "Papa, silinunui. Ukiniuzia leo mtakula wiki hii, na wiki ijayo mtakula nini? Lisimamishe hapo mlangoni. Karatasi na dawa ninazo. Tufanye kazi."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Studio ya masenge haijapata kuwa na watu wengi kama kiangazi kile. Kila siku ya soko Papa Asukulu alikuja na kibali chake cha kutoka kambini, na foleni ikapinda hadi kwenye duka la vitambaa la jirani yetu Mzee Abdala, ambaye aliwatolea wazee viti bila kuombwa. Walikuja akina mama wa Buhigwe na vikapu vya maharage, wakafunga vilemba upya mbele ya kioo changu, maana kazi yangu ilikuwa kushika kioo na kuchota maji ya kuoshea picha. Kwanza ilitoka picha ya kinyume, nyuso nyeusi zimegeuka nyeupe, na watoto walipiga kelele wakidhani wameona mizimu. Papa aliiweka ile ya kinyume mbele ya jicho la kioo, akaipiga picha, akaisuuza mpya ndooni, na mtu akajitokeza polepole majini jinsi alivyo. Nimeona watu wazima wakijigusa uso kwa kujiona vile.

Katikati ya likizo ikaja habari kwamba mama amezidiwa, na daktari anataka kumpasua. Nililia nikagoma kula. Masenge hakunibembeleza sana. Alinivalisha gauni la kanisani, akanisimamisha mbele ya sanduku.

"Usilie, mwanangu. Mama yako anataka kuona sura yako, si machozi yako."

"Angalia hapa, mutoto," Papa Asukulu akasema. "Angalia kama vile maman yako ndiye anakuangalia."

Nikaangalia. Picha ilikabidhiwa dereva wa basi la Kibondo ikiwa bado na unyevu. Mama alipasuliwa, akapona, na mdogo wangu wa kiume akazaliwa. Aliniambia baadaye kwamba alipozinduka, muuguzi alikuwa ameiegemeza picha ile kwenye kikombe kando ya kitanda, na kitu cha kwanza alichokiona duniani upya ni mimi, nimekunja uso kama askari.

Kabla shule hazijafunguliwa, Papa Asukulu alikuja kuaga. Familia yake ilipata nafasi ya kuhamia nchi ya mbali, na mizigo ilikuwa na kipimo. Aliliweka sanduku mbele ya masenge.

"Sikuuzishie. Nakuachia. Lakini usiifanye pambo, mama. Apareyi isiyotumika inakufaka."

Habari za sanduku lile zilienea, na tangu hapo kamera zikaanza kumjia masenge zenyewe, toka parokiani, toka kwa wajane, toka kwa wapiga picha waliokata tamaa. Rafu moja ikawa chumba kizima. Kila mwaka alizipakia filamu kwa zamu, na ile iliyokataa aliifungua tena mpaka ikubali.

Masenge sasa ni mzee na macho yake yamefifia. Juzi alituita sote Kasulu, kwani alikuja tajiri mmoja kutoka Dar es Salaam anayejenga hoteli, akitaka kuzinunua zote azipange ukutani. Binamu zangu walikuwa wameshakubali mioyoni. Mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo. Masenge alimsikiliza mgeni mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaa hapo mlangoni nikupige picha kwanza." Mimi ndiye niliyekuwa macho yake, mkono uliokuwa ndani ya sanduku ulikuwa wake, ukipapasa bila kukosea. Mgeni alikaa wima, simu yake mfukoni. Alipoiona picha yake ikitoka majini, uso ukamlegea, akaipokea kwa mikono miwili.

"Bibi, nimeelewa," alisema. "Hizi si za ukutani."

Mgeni alipoondoka, masenge akanikabidhi ufunguo wa chumba cha kamera. "Wewe ni mwalimu. Wanafunzi wako wa Kibondo wana mikono? Basi wafundishe. Itakayoharibika, itengenezwe."

Binamu zangu hawakupinga. Nadhani nao walikuwa wameuona uso wa yule mgeni.

Ndivyo tunavyofanya sasa. Wanafunzi wangu wana simu zilizojaa sura zao, lakini nikiwaomba picha ya mwaka juzi, simu ile imeibwa au imeangukia majini. Siwalaumu, huu ndio wakati wao, na wanaona mengi tusiyoyaona sisi. Lakini nikienda msibani au harusini, toka Buhigwe hadi Kibondo, nakuta ukutani nyuso zilizosuuzwa katika maji niliyoyachota mimi, wenyewe wengine wameshalala makaburini, na bado wananitazama wima. Hapo mimi huinua kichwa, nikamwambia aliyekaa karibu nami: hiyo ilipigwa kwetu.