Ile Maji ya Moranga

Kuna siku moja nakumbuka mpaka leo kwa sababu ya viatu, mwanangu, na viatu zenyewe hata hazikuwa zangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, huku kwetu Boito, maneno mengi mdomoni na miguu chini mitupu. Shule nilikuwa nimeacha darasa la sita. Wengine wanasema hawakumaliza shule. Mimi, shule ndio ilinimaliza. Lakini nilikuwa natembea na kalamu kwa mfuko wa shati, na mtu akiniuliza ni ya nini, namwambia subiri utaona. Akasubiri, akaona.

Kando ya banda la kununulia chai alikuwa anakaa fundi wa viatu, jina lake Moranga. Alikuwa Mkisii, amekuja kwetu zamani kuchuna chai kwa estate, akabaki. Kanisa moja na sisi, kisima kimoja na sisi. Shida yake ilikuwa moja tu: mwaka huo ulikuwa wa kura, naye alikuwa anasema wazi, huku akipiga misumari, kwamba hatapigia serikali. Sisi wengine tulikuwa na serikali. Tulikuwa tunamcheka, yeye anatucheka, halafu anatushonea viatu.

Banda likachomeka saa tano asubuhi. Nilikuwa wa kwanza kufika hapo, si kwa bidii, usinisifu. Nilikuwa nimetoroka kuchuna, nikaleta kikapu nusu ili nipate mahali pa kukaa kabla ya foleni. Nikaona pick-up ya mheshimiwa wetu wa upande wa serikali ikitoka hapo mbio, imebeba vijana wawili na mtungi wa petroli. Upande wa upinzani walikuwa wafanye mkutano kwa hilo banda kesho yake. Halafu nikaona moshi. Halafu nikaona Moranga anakimbia na debe la maji, anamwaga, anarudi kisimani, anamwaga tena. Mimi nilishika kikapu changu nikaangalia. Ndio kazi niliyofanya.

Baada ya siku mbili wakakuja wapelelezi kutoka Nairobi, gari nyeupe, suti, hawasalimii mtu. Wakasema wanataka yule aliyefika kwanza. Mwanangu, nilifurahi kama mtu ameitwa kwa harusi yake. Nikaenda kwa Moranga nikamwambia, "Ndugu, naitwa na serikali. Siwezi kwenda na miguu hii."

Akaangalia miguu yangu. "Hata serikali itaogopa," akasema. Akavua viatu zake, nyeusi, za ngozi, akanipa. "Waambie ukweli. Na usipige teke mawe, hiyo soli ya kulia imechoka."

Sasa uelewe kosa langu lilitoka wapi. Huku kwetu, maneno ikiharibika, watu wanaketi kokwet, majirani wote kwa nyasi. Ukisimama ukisema, mzee wa kikao anarudia neno lako kwa sauti, wote wasikie, halafu anakuuliza, "Ni hivyo umesema?" Ukikubali, basi, hakuna wa kuligeuza, kwa sababu liko kwa masikio ya watu arobaini. Mimi nilikuwa nimelelewa hivyo. Kwangu, mtu mzima akiuliza "ni hivyo umesema?" ni kwamba amelibeba neno lako lote, hajaangusha hata kipande.

Nikaenda stesheni ya polisi, nikamweleza mpelelezi mmoja kila kitu. Pick-up, vijana, mtungi, moshi, Moranga, debe, maji. Yeye anaandika Kizungu, haraka haraka. Akimaliza akanisukumia karatasi. "Ni hivyo umesema?"

Hakurudia, mwanangu. Hakusoma hata mstari. Nami ningesema, "Afande, nisomee." Maneno mawili tu. Lakini nilikuwa na viatu nyeusi na kalamu kwa mfuko. Nitaambiaje mtu wa suti sijui kusoma Kizungu? Nikainua karatasi, nikakunja uso kama daktari, nikawa natingisha kichwa kila nikiona koma, kwa sababu koma nilikuwa nazijua. Halafu nikatoa kalamu yangu mwenyewe nikaweka sahihi. Ilikuwa sahihi nzuri. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa ukuta wa jikoni.

Moranga alishikwa jioni hiyo hiyo, miguu mitupu, kwa sababu viatu zake nilikuwa nazo mimi, nikipitia mjini Litein kujionyesha.

Kwa korti ndio nilisikia maneno yangu mara ya kwanza, mkalimani akiisoma kwa Kiswahili. Pick-up hakuna. Vijana hakuna. Mtungi hakuna. Karatasi ilisema nilimwona Moranga kwa banda na debe wakati moto unaanza. Maji hakuna. Kwa habari ya Moranga walitoa neno moja tu, maji, na debe likabaki hapo peke yake likinuka petroli.

Nikasema, "Hapana, ilikuwa maji."

Wakili wa serikali akaniuliza kwa upole sana, "Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi ulidanganya pale stesheni, ama unadanganya hapa? Chagua. Zote ziko na kifungo."

Mwanangu, mimi nimekuwa mcheshi maisha yangu yote. Kwa matanga nachekesha, kwa kanisa pasta ananikemea. Siku hiyo mdomo ulikauka. Nikaangalia chini, nikaona viatu za Moranga kwa miguu yangu. Nikasema, "Ni vile imeandikwa."

Wakampa miaka mitatu. Akipitishwa karibu na mimi akasimama kidogo, akaangalia chini pia. "Hukupeleka hiyo soli kwa gundi," akasema. "Itakutoka njiani."

Yule mwenye pick-up alipewa kiti kwa serikali. Alikuja kuzindua banda jipya, tukamwimbia. Ndio, na mimi niliimba, sauti ya pili.

Wanasema kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Sisi tunaolima mahindi kando ya msitu tunajua zaidi: hao wawili usiku wanalala mti mmoja, asubuhi wanakula shamba moja, na mwenye kushtakiwa kwa mahindi kuisha ni mwenye shamba.

Moranga alirudi baada ya hiyo miaka, nywele nyeupe. Nikamletea viatu, nimepaka rangi mpaka unajiona ndani. Hakuzishika. Akaniambia, "Hizo vaa tu. Mimi sitaki viatu. Nataka ile maji uliniona nimebeba. Rudi kwa ile karatasi, uniwekee maji yangu."

Nikaenda. Nakuapia nilienda, mguu kwa mguu, mpaka stesheni. Yule wa mezani hata hakuinua kichwa. "Hiyo faili imefungwa, kijana. Shukuru wewe haujafungwa nayo." Nikarudi kumwambia Moranga, nikakuta anafunga mzigo. Watu wengine wa kijiji walikuwa wanamwita mchoma banda mbele ya watoto wake. Akarudi kwao, sikumwona tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Na hiyo haikuwa hata yangu kumwaga.

Unauliza kwa nini nakupigia hii hadithi leo. Ni kwa sababu ya mjukuu wangu Chepkoech, mwenye saluni pale Litein. Juzi vijana waliandamana, duka moja likavunjwa, na hao wa gari nyeupe wakarudi. Siku hizi gari imebadilika rangi, lakini salamu bado hawana. Wamemshika Dennis, anayetengeneza simu mlango wa pili kutoka kwa saluni. Dennis amekuwa akiandika kwa simu yake vile anaona serikali. Na watoto wa wakubwa, ambao kila mtu Litein aliwaona wakitoka na televisheni kwa mabega, hao hawajaitwa hata kuulizwa habari ya asubuhi.

Chepkoech akaitwa kuandika statement. Nikamwambia tunaenda wote. Nikavaa zile viatu. Soli nimebadilisha mara nne, lakini ni zenyewe.

Wakaandika, wakamsukumia karatasi, na mpelelezi, kijana mdogo anayeweza kuwa wangu, akauliza, "Ni hivyo umesema?"

Nikamwambia mtoto, "Soma. Kwa sauti. Kwa Kiswahili, mimi ni mjinga."

Akasoma. Akafika katikati akaweka kidole kwa mstari. "Kugo," akaniita, ndio wajukuu wananiita hivyo, "hapa wameandika nilimwona Dennis akirusha mawe."

"Na ulimwona akifanya nini?"

"Akifunga duka lake."

"Basi kalamu weka chini."

Yule kijana akasema, "Mzee, unatusumbua."

"Ndio," nikamwambia. "Nimechelewa kusumbua zaidi ya miaka thelathini. Nivumilie."

Walituweka kwa benchi mpaka jioni, bila maji, wakatutisha na vifungu vya sheria, wakaturudisha nyumbani. Dennis bado yuko ndani. Sijui watapata nani wa kuwawekea sahihi. Lakini kesi ikiitwa, Chepkoech atasimama aseme Dennis alikuwa anafunga duka lake, na mimi nitakuwa nimeketi mbele, ili akikauka mdomo aone mtu aliyekauka kabla yake.

Nina hasira, mwanangu, na usiniambie mzee apunguze. Nina hasira na sheria inayouliza umepigia nani kabla iulize umefanya nini. Lakini nina hasira ingine, na hiyo ni yetu. Wakati walikuwa wanashika watu wa upande ule, tulisema polisi wanafanya kazi. Leo wanabisha kwetu, ndio tumejua kwamba kuna ubaguzi. Mkuki kwa nguruwe ulikuwa mtamu, na tuliulamba mpaka mpini.

Kwa hivyo shika haya. Usiweke sahihi kwa neno ambalo hujalisoma, na kama hujui kusoma, afadhali aibu kabla ya sahihi kuliko aibu baada yake. Sema "nisomee." Nenda na mtu wa kusikia. Usiende kuchoma stesheni yao, kwa sababu hiyo moshi ndio wanaitafuta, wataandika jina la Dennis mwingine juu yake. Na siku watu wa kwenu watakuwa wamekalia kiti, na jirani wa upande ule ameshikwa bure, hiyo siku ndio useme, ukiwa bado uko na serikali. Ukingoja mpaka uwe huna, utakuwa unalia tu, na kulia si kusema.

Mungu akupe mdomo usiokauka. Akupe jirani wa kukuazima viatu, na usimlipe vile nilimlipa Moranga. Mahali popote utaona mtu amebeba maji, useme ni maji, mara ya kwanza, na mara ya mwisho, hata wakikuuliza kwa upole.