Imekaa, Ami

Ami hakuwa ami yangu wa damu. Alikuwa rafiki wa marehemu baba, mpiga fidla aliyeondoka Unguja baada ya Mapinduzi akaja huku Uingereza, na katika kikundi chao cha zamani cha taarabu yeye peke yake ndiye aliyebaki hai. Nyimbo sita za kikundi hicho hazikuwahi kurekodiwa wala kuandikwa. Zilikuwa kichwani mwake tu, na alitaka zihamie kwangu kabla hajafa. Basi kila Jumamosi asubuhi nilipanda basi mpaka Edmonton na fidla yangu ya tangu siku za shule na redio ya kaseti.

Siku ya kwanza alizivuruga nyuzi zangu zote. "Nani kakufunza hivi? Hizi nyuzi za kanisani!" Akazishusha zile mbili nyembamba mpaka nyuzi nne zikakaa mbili mbili, za chini na za juu zikiitikiana kama mtu na mkewe. "Na kila wimbo una nyuzi zake. Usije ukanichanganyia." Kila alipokaza au kulegeza uzi ili sauti ikae sawa aliniuliza, "Imekaa?" nami namjibu, "Imekaa, Ami." Nilidhani ananipima mimi. Kurekodi alikataa katakata mpaka vidole vyangu vishike kwanza.

Tulianza kurekodi mwezi wa Shaabani. Siku hiyo uzi mwembamba ulikaa chini kidogo, unywele tu. Nikaandika kwenye daftari langu kuwa hizo ndizo nyuzi za wimbo ule. Mjinga mimi! Wiki ya pili akaurudia wimbo ule ule, na uzi umeshuka tena. Nikainua uso nimuulize. Birika la chai lilikuwa linapiga mluzi jikoni, mlango uko wazi, mluzi unatoboa masikio, na Ami hata hakugeuka. Mkewe akaja akalizima. Alinitazama, akarudi zake chumbani.

Tokea hapo nilijua. Siwezi kujitetea, kwani kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee wa Kiingereza, mchana kutwa nawapigia kelele masikioni. Lakini nimwambie Ami, mtu mzima yule, kwamba fidla yake inamdanganya? Thubutu! Sisi tumelelewa kwa methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La kufanya pale mkuu mwenyewe anapokuwa hasikii, hakuna aliyetufunza. "Imekaa?" "Imekaa, Ami." Macho yake yalikuwa mdomoni mwangu kila nikijibu. Uzi ukazidi kushuka, nami nabonyeza kitufe narekodi. Ikafika hadi nikawa naiogopa Ijumaa, kwa kuwa kesho yake ni Jumamosi.

Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, ikatokea harusi kule Thamesmead, na Ami akaalikwa kupiga pamoja na mtu wa udi na mtu wa kanuni. Wallahi niliomba treni zigome. Hazikugoma. Ukumbini Ami akatia nyuzi zake sauti, na mpiga udi akashtuka, akainama, akaanza kulegeza zake polepole zimfuate mzee. Adabu hiyo! Lakini kanuni ina nyuzi sabini na kitu, hailegezwi watu wamekaa wanangoja. Mpiga kanuni alijaribu kidogo, akaweka mikono mapajani. Ami hakusikia kitu. Aliiona mikono. Akasita katikati ya wimbo, akamtazama yule, akamtazama wa udi, kisha akanitafuta mimi kwa macho, na wanawake bado wanapiga vigelegele.

Kwenye basi la kurudi tulikaa pamoja ghorofa ya chini, fidla magotini kwake.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Shaabani, Ami."

Akahesabu kaseti kwa vidole, moja moja. "Basi zote," akasema.

Ningependa angenitukana. Ningependa angesema mtoto mbaya wewe, nimekuamini ukaniangusha, nami nilie yaishe. Hakusema hayo. Aliniuliza kama naukumbuka wimbo wa kwanza namna ulivyokuwa kabla ya Shaabani.

"Naukumbuka," nikasema.

"Hebu uimbe."

Nikaimba, abiria wanatutazama. Uliotoka kinywani mwangu ni ule uliolegea. Nikaacha, nikafumba macho, nikautafuta ule mwingine, ule wa miezi ya mwanzo, nikaanza upya. Ukatoka ule ule uliolegea. Sikuwa na mwingine. Nikauendeleza hivyo hivyo, machozi yananishuka, na Ami ananitazama mdomo mpaka mwisho.

Akaitikia kwa kichwa. "Huo huo, mwanangu," akasema. "Huo usiupoteze."