Asili ya Sori

Nafundisha Kiingereza Wete, kwa hiyo nyumbani kwetu makosa yote ya Waingereza naulizwa mimi. Mama alipokuwa akijiandaa kwenda Hija, niliulizwa kuhusu sori.

Neno lenyewe limeshapata uraia. Wa bodaboda akikurushia tope, sori. Fundi akiiharibu kanzu ya Idi, sori. Na kaka yangu wa Dar es Salaam, aliyekosa maziko ya baba kwa kuwa alikuwa bize, alituma ujumbe wa simu: "Sori mama." Mama hakuujibu. Tangu hapo kaka akawa anapiga simu za salamu tu, utadhani hapana lililotokea.

"Lino neno asili yake nini?" mama akaniuliza, miguu kainyoosha jamvini.

Nikafurahi, maana wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza kwamba Waingereza wa zamani walilitoa kwenye kidonda. Mwenye sori alikuwa mtu mwenye maumivu. Wengi hudhani ni ndugu wa neno lao la huzuni, kumbe wamefanana sura tu. Siku hizi maumivu yametoka, limebaki ganda.

"Basi mie kanipa ganda," akasema.

Kwetu anayekwenda Hija huwapitia watu kuwaomba radhi. Mama aliizunguka Gando nzima, hata kwa jirani ambaye mama aliwahi kumpiga mbuzi wake kwa mchi. Akabaki kaka. Hakunificha anachotaka: yeye mama amwombe kaka kwanza, ili mwana aone haya, naye aombe. Bila ya hilo, alisema, angeondoka na donge, na safari ile si ya kwendea na donge.

Nikampigia kaka, nikaweka sauti ya juu, nikampa mama simu.

"Mwanangu, nasafiri," mama akasema. "Kama kuna nililokukosea, niwie radhi."

Akisubiri jibu, akautengeneza ushungi wake, ingawa kaka hakuwa akimwona. Hata mimi, ninayemjua ndugu yangu, nilianza kutumaini.

"Usijali mama," kaka akasema, kwa upole kabisa. "Mimi nilishakusamehe zamani."

Saa ile nilimchukia. Mama akaitazama simu.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akanirudishia.