Mtu wa Maji Kwenye Umoja wa Watu wa Umeme

Harufu ya gundi ya mabomba haifanani na nyingine yoyote ninayoijua. Inapanda puani kwa ukali, halafu inaacha utamu kama wa pipi iliyoungua. Kwa miaka mingi vitu vyetu vyote vilinuka hivyo: mashuka, kanga zangu, hata koti lake la kanisani. Siku hizi nikipita mahali fundi anaunga mabomba, nasimama kidogo. Wakiniuliza, nasema napumzisha magoti. Magoti kweli yananiuma, kwa hiyo si uongo wote.

Mume wangu aliijulia gundi hiyo Mwanza, kwenye kiwanda cha serikali kilichokuwa kinatengeneza vitu vya plastiki. Aliingia pale kijana. Ilipokuja ruksa, yaani biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, kiwanda kikauzwa, watu wakapunguzwa, naye akawa miongoni mwao. Alirudi kwetu na godoro, redio na dumu moja la dawa ya kuyeyushia plastiki. Wakati huo mji wetu wa Bariadi ulikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga, na umeme ulikuwa umefika mitaa ya katikati tu.

Msimu wa kwanza tulilima pamba na kaka zake kijijini Shishiyu. Alilima vizuri, ila alikuwa kimya, na mimi nilidhani anasikitikia mshahara. Siku moja tukiwa tunapalilia, akaegemea jembe lake akaanza kunisimulia kengele ya saa nne ya kiwandani. Ikilia, zamu nzima wanaacha mashine, wanakaa kwenye mbao zilizopangwa ukutani, wanakunywa chai na kutaniana mpaka kengele ya pili. Hakuna aliyekuwa akinywa peke yake.

"Huku nina ndugu," akasema. "Wenzangu ndio sina."

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, nikaolewa, na wenzangu walikuwa wale wale wa kisimani tangu utoto. Sikujua kwamba mtu anaweza kuumwa kwa kukosa wenzake.

Baada ya mavuno tukahamia mjini, tukapanga nyumba yenye uwanja nyuma, akaanza kutengeneza gundi. Tuliokota vipande vya mabomba ya plastiki kwenye majengo, tukavikatakata kwa kisu, tukavitia kwenye ndoo ya bati pamoja na ile dawa, tukafunika. Kesho yake tunakoroga, tunafunika tena. Haikuwekwa motoni hata kidogo, na yeyote aliyekuja na sigara alirudishwa barabarani. Vyombo vyetu vilikuwa vikopo vya hamira, nilivyokusanya kwa akina mama wapika maandazi, na mfuniko tuliuziba kwa nta ya mshumaa. Brashi nilizifunga mwenyewe kwa nywele za mkia wa ng'ombe. Watu wa visima na mabomba ya maji walinunua, lakini walikuwa wachache. Waliokuwa wengi ni wale waliokuwa wanatandaza nyaya, maana mjini kila aliyeuza pamba vizuri alitaka taa.

Mafundi umeme walikuwa wanapitisha nyaya ndani ya bomba za plastiki zilizofukiwa ukutani. Maungio waliyaziba kwa pamba. Ndiyo, pamba yetu hii, wanaisokota na kuikandamiza kwa kidole. Akija fundi wa kupiga plasta, uji wa saruji unapenya, unaganda ndani, na siku ya kuvuta waya hauendi mbele wala nyuma. Ukuta unavunjwa upya na mwenye nyumba anatukana. Mume wangu aliona kazi yake iko pale.

Ila kulikuwa na umoja wa wauza vifaa vya umeme. Maduka yao yalikuwa yamepangana upande mmoja wa barabara ya stendi. Walikodi lori pamoja kwenda kuleta mzigo, walizikana, na kila Jumamosi asubuhi walikunywa chai nyuma ya duka la mwenyekiti wao, Mwislamu mtaratibu mzaliwa wa Tabora. Walikuwa na sharti: kitu kisicholetwa na mwanachama hakikai kwenye rafu zao. Sikuwalaumu. Ruksa ilileta vitu vingi, na vingine vilikuwa vya ovyo, swichi zinayeyuka, waya mwembamba kama uzi. Walikuwa wameungua mikono.

Basi gundi yetu haikuwa na pa kukaa mpaka mume wangu awe mwanachama. Lakini mimi nilimwona alivyokuwa akipunguza mwendo kila Jumamosi akipita pale, akiangalia benchi lao na birika. Nilijua anachokitaka hasa.

Alipokwenda kuomba, nilimfuata na vikopo kwenye beseni kichwani. Walimsikiliza kwa heshima, halafu akasimama mmoja wao, Mzaramo, muuza taa na balbu. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, na mtani akisimama unajua kinachokuja.

Akawauliza wenzake kama wamewahi kuona maji na umeme vinalala kitanda kimoja. Huyu ni mtu wa maji, akasema, gundi yake ni ya mabomba ya maji, tukimwingiza leo, kesho ataingia muuza ndoo, keshokutwa chura. Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, kwa sababu kwa mtani huruhusiwi kununa, lakini niliona macho yake hayacheki. Akaeleza habari ya uji wa saruji. Mmoja akasema hata pamba inaziba. Mwingine akauliza nani anajua kama gundi hiyo inashika au inanuka tu.

Hapo ndipo Mzaramo alipotoa shauri lake. Alisema yeye ni mgeni katika nchi ya watu wa ng'ombe, ila ameona kwamba huku kitu kisichovutwa na maksai hakijapimwa. Alisema kwa mzaha. Lakini watu wa kwetu hawakuchukua kama mzaha. Waliona ni shauri la akili kabisa. Bomba la waya linakaa ukutani, hakuna anayelivuta, na hata mimi nililijua hilo. Lakini kila mmoja pale alikuwa amekua nyuma ya plau, na ghafla wote walitaka kuona.

Mume wangu alikuwa amekuja na kipande alichokiunga tangu juzi. Wakakikataa, wakasema aunge hapa hapa mbele yao. Akaunga. Alipaka gundi nje ya bomba moja na ndani ya jingine, akasukuma, akazungusha kidogo, akashikilia. Wakati huo jirani ameshaletwa na maksai wake wawili, nira shingoni, akilalamika kwamba alikuwa anawapeleka kunywa maji. Kamba ikaletwa, wakaanza kutoboa matundu kwenye ncha za bomba.

Mume wangu akaweka mkono juu ya bomba.

"Subirini ishike," akasema. "Leo tumeunga. Kesho mvute."

Wakamzomea. Mzaramo akasema mtu wa maji ameshaanza kutiririka. Mwenye ng'ombe akasema kesho hana nafasi. Mtu mmoja akasema kama gundi ni nzuri, inaogopa nini jua likiwa bado juu. Nilitamani akubali tu, nikijua kwamba wakiondoka wameudhika hawatarudi. Nikamgusa kiwiko. Hakunitazama. Alirudia maneno yale yale kwa sauti ile ile, wala hakuongeza jingine.

Mwenyekiti akazungusha kikombe chake. Halafu akasema hata chuma cha kulehemu kinaachwa kipoe, na kesho si mbali. Bomba likawekwa juu ya kabati dukani kwake, na kufuli likafungwa.

Kesho yake walikuja wengi kuliko wanachama, habari ilikuwa imefika mpaka sokoni. Mwenye ng'ombe aliyesema hana nafasi alikuwa wa kwanza kufika. Ncha moja ya bomba ilifungwa kwenye mti wa uani, nyingine kwenye nira. Maksai wakahimizwa. Kamba ikakaza, bomba likajikunja kama mdudu, kisha likalia mlio mkali likachanika. Vumbi lilipotulia, mwenyekiti akainama kuokota. Bomba lilikuwa limechanika pale kamba ilipopita. Ungio lilikuwa zima.

Mabishano yalianza hapo hapo, wengine wakisema gundi imeshinda, wengine wakisema hakuna aliyeshinda kwa kuwa bomba limekufa. Mzaramo akalichukua, akalichungulia kama durubini, akasema, "Bomba limekufa, gundi imebaki mjane. Mjane haachwi nje." Akamshika mume wangu mkono akamkalisha kwenye benchi. Mwenyekiti akammiminia chai. Hivyo ndivyo alivyoingia.

Jumamosi zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko siku zote nilizoishi naye. Alikuwa anaamka mapema, ananyoa ndevu, anakwenda kunywa chai ambayo nyumbani ipo. Alirudi na vichekesho, nusu havichekeshi. Jina la Mtu wa Maji lilimganda, hata watoto wetu wakawa wanaitwa watoto wa maji. Gundi yetu ilifika Maswa, ikafika Mwanhuzi, na lori la umoja likitoka Mwanza lilituletea dawa ya kuyeyushia.

Haikudumu, na sitasema ilidumu. Ruksa iliyomleta nyumbani ilileta pia gundi za viwanda vya nje, kwenye mikebe yenye picha na brashi iliyofungwa ndani ya mfuniko. Zilikuwa nzuri. Mafundi wakazipenda, na maduka ya umoja, maduka ya wenzake, yakaziweka. Hakuwalaumu. Alinunua mkebe mmoja, akaunusa, akaunga vipande viwili, akasubiri mpaka kesho, akavuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwaka huo ndoo ya bati tukaanza kuichotea maji.

Jumamosi iliyofuata hakwenda. Alikaa uani akinoa jembe ambalo halikuhitaji kunolewa. Alisema umoja ni wa wenye bidhaa, yeye hana tena, na hataki kusubiri aambiwe. Chai nilimpa, akainywa peke yake. Jumamosi ya pili vilevile. Ya tatu, Mzaramo akaja mpaka mlangoni. Hakupiga hodi, watani hawapigi hodi. Akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, nimekuja kuchukua mali yetu." Akamwinua mume wangu kwenye kigoda, akaondoka naye huku akimfokea kwamba birika linapoa. Mume wangu alikwenda kila Jumamosi tangu hiyo, mpaka miguu ilipomkataa.

Alifariki mwaka juzi, baada ya mvua za vuli. Bariadi sasa ni makao makuu ya mkoa, ina majengo ambayo yeye hakuyapenda wala kuyachukia. Mwenyekiti alikuwa ameshatangulia. Katika wale wa benchi walibaki wachache, na wote walikuja, wazee, wengine kwa bodaboda wakiwa wameshikiliwa na wajukuu.

Jeneza lilipoinuliwa kutoka sebuleni, Mzaramo akasimama mlangoni na mkongojo wake, akaziba njia. Alikuwa amevaa koti la marehemu, sijui alilitoa wapi, na mkononi ana brashi ya mkia wa ng'ombe. Vijana walitaka kumsogeza. Watu wazima wakawazuia, maana mtani msibani ana haki ya kumwigiza marehemu na kudai chake.

"Leo mmeunga, leo leo mnavuta?" akawauliza. "Subirini ishike."

Alilisema hasa kama mume wangu, sauti ile ile, mkono juu ya jeneza kama juu ya lile bomba. Nilicheka. Nilikuwa sijalia tangu alipokata roho, na hapo vyote viwili vikaja pamoja. Katekista alisubiri na kitabu chake.

Mtani akasema haondoki bila kikopo cha gundi. Nikaingia ndani. Chini ya kitanda kilikuwepo kimoja, cha mwisho, alikiweka mwenyewe na hatukukigusa. Nikampa. Akakitikisa karibu na sikio. Hakikutoa sauti, gundi ndani ilikuwa imeshakauka zamani ikawa jiwe. Akakitikisa tena, akanitazama, macho yake yamejaa machozi.

"Imeshika," akasema.

Akakitia mfukoni mwa lile koti, akasogea pembeni, tukapita.