Jinsi Gaju Alivyofundishwa Kutupisha

Katika siku zote za ujana wangu, ile ambayo haijanitoka ni siku Mzee Cirhuza alipovuka daraja la mpakani kutoka Bukavu kuja kwetu, hapa juu ya Cyangugu, kumtazama ng'ombe wa mahari. Alikuja na koti la Jumapili na kofia mpya. Kaka yangu Kayihura alitaka kumwoa binti yake, Nsimire, na tulikuwa tumekubaliana kutoa ng'ombe mmoja, mtamba wetu Gaju, mwekundu, mnene, pembe ndiyo kwanza zinapanda. Baba hakuwa na mwingine. Mzee akaingia uani, akanyoosha mkono kumsifu, na Gaju akamwendea kama alivyomwendea kila mtu, akamsukuma kwa paji la uso, hapa penye kitovu. Mzee akakaa kwenye samadi. Kofia ikaenda njia yake.

Hakuna aliyecheka. Mama alimfuta koti kwa majani ya mgomba, Baba akaomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Mzee Cirhuza aliokota kofia mwenyewe, akaikung'uta gotini, akasema bila hasira:

"Papa Kayihura, minaona ng'ombe ni muzuri. Lakini daraja iko ya mbao, na kila asubuhi bamama banapita pale na mizigo ku kichwa na batoto mu mugongo. Huyu atabasukuma ku maji. Mutamuleta kisha mavuno ya maharagi. Kama hawezi kuvuka bila kuumiza muntu, asivuke. Na Nsimire naye abakie kwetu."

Mwanangu Diane, nakuandikia haya kwa sababu ya picha uliyonitumia kutoka Bweyeye. Nimeona ndama wako ameegemeza kichwa kifuani kwako, na wewe unamkuna katikati ya macho, unacheka, mtoto mgongoni. Jirani aliyenionyesha kwenye simu yake alisema ni picha nzuri. Ni nzuri. Mimi niliitazama, nikatafuta kalamu. Nimechoka siku hizi, sipandi tena milima ya huko kwenu, la sivyo ningekuja mwenyewe. Basi soma, na wasomee wengine hapo nyumbani.

Gaju hakuzaliwa mbaya. Mama yake, Bihogo, alikufa akimzaa, na sisi tukamlea jikoni. Nilimnywesha maziwa ya ng'ombe wa jirani kwa bakuli, kidole changu mdomoni mwake ajifunze kunyonya. Usiku alilala karibu na mafiga. Kila aliyepita alimkuna pale penye paji la uso, pembe zilipokuwa bado vinundu, naye alisukuma, na sisi tukamsukuma, tukacheka. Tukimenya ndizi, maganda alikula mikononi mwetu. Chumvi alilamba kwenye kiganja. Tulimtungia maneno ya sifa kama wanavyotungiwa ng'ombe wa wakubwa. Mtu asiyejali mifugo hawezi kukosea hivyo. Hilo ni kosa la watu wa ng'ombe, wanaopenda mpaka wanasahau kwamba ndama anakua na wao hawakui naye.

Alipokuwa mdogo alitusukuma tukayumba. Alipokuwa mkubwa alitusukuma vilevile, kwa upendo uleule, lakini sasa upendo ulikuwa na pembe.

Mzee Cirhuza alipoondoka, Kayihura alichukua fimbo. Alimpiga Gaju kila alipomsogelea, na kweli Gaju akaanza kumkimbia Kayihura. Lakini Mama alipopita na ndoo, alisukumwa kama kawaida, maji yakamwagika. Na fimbo ikiinuliwa tu, hata ya kuanikia nguo, mnyama anarusha kichwa huku na huku bila kutazama nani yuko wapi. Tukawa na ng'ombe mwenye mazoea mabaya na woga juu yake. Baba akasema akishindikana atampeleka kwa mchinjaji, halafu atatafuta jinsi ya kumwambia mwanawe amsahau Nsimire. Kayihura aliacha kula vizuri. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikamshika Gaju shingoni, naye akanibana kwenye ukuta mpaka nikakosa pumzi.

Hapo ndipo alipotukuta shangazi Nyirabukara, dada mkubwa wa Baba. Alikuwa mjane, akiishi huko huko Bweyeye ulipo wewe, kando ya msitu, na alikuwa ametembea njia yote hiyo kwa miguu akiwa na kikapu cha viazi. Hakuja kwa ajili ya ng'ombe. Alikuja kusaidia kuvuna. Alikaa kwenye jiwe, akavua viatu, akaanza kujikanda nyayo, huku akinitazama nikijinasua ukutani.

"Mutoto wa kaka yangu," akaniita. "Mwite tena huyo rafiki yako."

Nikamwita. Gaju akaja, nikarudi nyuma kidogo ili asinigonge. Akaja tena, nikarudi tena.

"Nani amehama hapo?" akauliza.

Nikasema sijui anauliza nini.

"Yeye amekuja, weye umehama. Amekuja tena, umehama tena. Sasa mwenye kiwanja ni nani?"

Akaendelea kukanda nyayo zake. "Hana akili mbaya. Mumemufundisha kwamba muntu ni kitu ya kusukuma, na amefundishika vizuri sana. Kesho tutaanza kumufundisha ingine. Leo niko na miguu inauma."

Asubuhi alinikatia tete refu, jepesi, lisiloweza kumuumiza hata kuku. Aliniambia nisimame, nilishike mbele yangu kwa upana, mkono umenyooka. Pale tete linapofika, ndipo nyumba yangu inapoishia, na Gaju akae nje ya nyumba hiyo. Akija, nisirudi nyuma. Nimguse kifuani polepole, nitoe sauti ndogo, "sss," nimguse tena, mpaka anyanyue mguu aurudishe nyuma. Hata mguu mmoja.

"Na akirudi?" nikauliza.

"Akirudi, shusha tete mara moja. Geuza macho. Umuache apumue. Hiyo njo mushahara yake."

Mwanangu, hapo ndipo nilipopata shida. Kumgusa kulikuwa rahisi. Kuacha ndiko kulikuwa kugumu. Gaju alirudi hatua moja, nami kwa furaha nikaendelea kumgusa arudi zaidi. Shangazi akanipokonya tete.

"Amekutii, na bado unamusumbua. Weye ukitumwa maji, ukarudi na maji, wakakutuma tena kabla hujatua mutungi, utasikia namna gani?"

Nikajifunza kuacha. Gaju naye akajifunza haraka kuliko nilivyotarajia, na kuliko mimi. Aliposimama mahali pake ametulia, ndipo mimi nilipomwendea, nikamkuna ubavuni mwa shingo, kamwe si kwenye paji la uso. Chakula chote kikaingia kihorini, kisha sisi tukasogea kando, ndipo naye akakaribia. Kayihura aliambiwa aweke fimbo chini. Alibisha, akasema Gaju anamwogopa na hiyo inatosha. Shangazi akamjibu, "Anakuogopa weye. Ku daraja utakuwa peke yako?"

Lakini kazi ya asubuhi ilikuwa ikiharibika jioni. Gaju alitulia vizuri, halafu kesho yake anakuja tena akitafuta viganja vya watu. Shangazi alitushuku sisi watoto mmoja mmoja. Mwisho akajificha nyuma ya mgomba, akamshika mkosaji. Alikuwa Baba. Yeye aliyetaja mchinjaji, ndiye aliyekuwa anakwenda kwa siri kumlambisha chumvi mkononi.

"Weye muzee," shangazi akamwambia mdogo wake, "batoto yako bote banajikaza, na weye njo unabomoa. Unataka mukwe ama unataka kulambwa?"

Baba akajifuta mkono kwenye suruali kama mtoto. "Nilikuwa namuaga," akasema. Tangu siku hiyo aliweka chumvi kihorini.

Maharage yalivunwa, yakaanikwa, na siku ikafika. Tuliteremka asubuhi kuelekea mpakani. Mimi nilishika kamba na tete, shangazi alikuwa nyuma ya Gaju, Baba na Kayihura nyuma zaidi. Mlinzi wa upande wetu, aliyeitwa Bosco, alitutazama akasema tusubiri watu wapungue. Watu pale hawapungui. Tukaingia.

Daraja lilikuwa jembamba, mbao zinalia chini ya kwato, na maji ya Rusizi yanaonekana katika nafasi zake. Gaju alitetemeka. Wanawake walijibana pembeni wakapita. Tulipofika katikati, alikuwa anakuja Maman Feza, muuza ndizi, beseni kichwani, mtoto mgongoni. Mguu wake ukaingia kati ya mbao, akapiga magoti, beseni likaanguka. Ndizi mbivu zikatawanyika mbele yetu, naye yuko katikati yazo, anavuta mguu, mtoto analia.

Gaju alisikia harufu. Niliona masikio yakisimama. Ndizi, na mtu aliyekaa nazo: ndiyo yale yale aliyolelewa nayo jikoni. Akaja.

Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kurudi nyuma. Lakini nyuma yangu alikuwa Maman Feza na mtoto, na baada yao maji. Nikanyoosha tete. Nikasema, "Sss." Kifua chake kikagusa tete, likapinda. Nikamgusa tena. Pumzi yake ilikuwa moto kwenye vidole vyangu. Kisha nikasikia ubao ukilia, kwato moja imerudi nyuma. Halafu nyingine.

Nikashusha tete. Nikageuza macho, ingawa sikutaka kabisa kugeuza macho. Gaju akasimama pale, analamba pua yake, mpaka Maman Feza alipotoa mguu na kuokota ndizi zake zote.

"Huyu ng'ombe yuko na heshima kupita bwana yangu," Maman Feza akasema, akitwika beseni. Kayihura alicheka mpaka akashika ukingo wa daraja. Nadhani ni kicheko alichokuwa amekiweka tangu siku ya kofia.

Tulipofika kwa Mzee Cirhuza, Mzee mwenyewe alitoka akasimama mbali, kofia safari hii ameishika mkononi. Gaju alimtazama, hakumwendea. Mzee akasogea, akasimama, akasogea tena, akamkuna shingoni pale nilipomwonyesha. "Sasa huyu ni ng'ombe ya kukaa na bantu," akasema, na wanawake wa ndani wakapiga vigelegele kwa ajili ya Nsimire.

Kamba ikatoka mkononi mwangu. Kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga Gaju, na nitakuambia ukweli, nilitaka anisukume mara moja tu. Alisimama mahali pake, akanisubiri. Nilipochelewa kumkuna, akainamisha kichwa akala majani. Nililia njia nzima ya kurudi. Shangazi Nyirabukara alikuwa anachechemea, hakusimama.

"Unalia nini?" akasema. "Si ulitaka aishi?"

Mwanangu, mkono wangu umechoka, ngoja nimalizie. Acha kumkuna huyo ndama kwenye paji la uso leo, usingoje pembe. Usimlishe mkononi. Weka chakula, sogea kando, ndipo aje. Akikujia kwa nguvu usirudi nyuma, na wala usimpige. Mwonyeshe unapoishia, na akikupisha hata kidogo, mwache kwa amani papo hapo. Waambie wote wa nyumba wafanye hivyo hivyo, na mtazame sana mumeo, maana wanaume wakali ndio wanaopeleka chumvi kwa siri. Utaona kama unamnyima upendo. Mnyama asiyejua kukaa mbali na mtu huishia kisuni, na mtoto wako anaanza kutambaa.

Huku kwetu mtu akikutakia heri hukuombea ng'ombe. Mimi nakuombea hao ng'ombe, na mbavu nzima za kuwachunga, na mtoto apite katikati yao akikua bila kovu. Mungu akae kati yako na kila kinachokujia kwa nguvu.