Uso wa Nguzo

Lowell Pruitt hakuwa na haraka na mashujaa. Wenzake wakifungua kitabu kipya cha katuni walikimbilia ngumi na moto. Yeye alitazama madirisha ya nyumba za nyuma, mbwa aliyelala kando ya barabara, nguo zilizoanikwa. Kila kitabu alikisoma mara tatu: kwanza kwa maneno, kisha kwa picha, na mwisho kwa vile vitu ambavyo mchoraji alivichora akidhani hakuna atakayevijali. Maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa viungo vya chuma katika kiwanda cha vichwa vya treni hapa mjini Erie, na pengine ndiko alikoambukizwa ugonjwa huo wa kuchungulia. Alipostaafu, kiwanda kilimpa cheti. Stan Oleksy alimpa kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa kwenye meza ya nyuma ya duka la Stan, upande wa ukuta, chini ya taa. Vitabu vipya huingia Jumatano, na Jumatano baada ya kazi watu wa meza ile walikusanyika kuvijadili. Stan mwenyewe, mwenye duka, alikuwa mtu wa maneno machache na kahawa nyingi. Desmond Achterberg alifundisha chuoni na hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja ishara. Trevor Lund, fundi wa matairi, alikubaliana na yeyote aliyeongea mwisho. Na Bernadette Sikora, mpishi wa shule, alikuwa akibishana na Lowell tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi. Ndiye aliyeleta ile mikate midogo ya moto yenye soseji ndani, na ndiye aliyempiga kofi mkononi yeyote aliyegusa kitabu kabla ya kufuta mafuta.

Walikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Ukitaka kusema kuna maana fulani iliyofichika, uweke kidole kwenye picha yenyewe. Bila kidole, maneno yako ni upepo. Sheria hiyo aliileta Bernadette kwa sababu ya Desmond, ambaye kabla ya hapo aliweza kuona falsafa nzima kwenye kitabu ambacho hajakifungua.

Mwaka huo walikuwa wakifuatilia hadithi ya matoleo sita iitwayo Nguzo. Shujaa wake ana nguvu za kubeba chochote. Katika toleo la kwanza daraja la mji linataka kuanguka. Nguzo anaingia chini yake, analibeba mabegani, na mji mzima unashangilia. Kisha watu wanarudi kwenye shughuli zao. Magari yanapita juu yake, baraza la mji linafuta fedha za matengenezo kwa kuwa daraja limeshikwa vizuri, na Nguzo anabaki palepale. Basi. Hakuna adui, hakuna vita. Trevor alisema hajawahi kusoma kitabu cha shujaa ambamo shujaa hata hapigi hatua, na hakuweza kukiacha.

"Hii ni habari ya kiwanda," Desmond alisema. "Mfanyakazi anabeba, tajiri anapita juu."

"Hii ni habari ya mama yeyote yule," Bernadette akamjibu. "Ila nyinyi mpaka avae suruali ya kubana ndiyo mmuone."

Lowell yeye aliwaonyesha kibao. Katika toleo la kwanza, nyuma kabisa, pamesimikwa kibao kinachosema matengenezo yanaanza karibuni. Kurasa chache mbele kimeinama. Katika toleo la pili watoto wamekichukua na wanakitumia kutelezea kwenye theluji. Hakuna mwingine aliyekiona. Walirudi nyuma wakafuatisha kidole chake ukurasa kwa ukurasa, na Trevor akatikisa kichwa, akasema, "Mzee, wewe una macho ya mwewe."

Lowell alitabasamu, akameza kahawa yake. Wakati huo jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa katikati. Daktari alikuwa amemwambia kiangazi cha mwaka huo: pembeni ataona, katikati hapana, na haliponi. La kulia bado zima, tutaliangalia. Lowell hakumwambia mtu. Aliacha kuendesha gari, akasema petroli imepanda, na Jumatano alikuja kwa basi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wahenga hawakuwahi kukalia kiti kile. Hakuogopa giza. Aliogopa siku ambayo angekalishwa pale kwa hisani, kama picha ya babu ukutani, huku wengine wakisoma.

Toleo la tatu likaingia, na Lowell akaja na jambo zito.

"Mchoraji kaamua," alisema. "Nguzo hana uso tena."

"Weka kidole," akasema Bernadette.

Akaweka. Sheria ni sheria, lakini picha za kitabu kile ni ndogo na kidole cha mkaguzi wa vyuma ni kinene. Kilitua juu ya uso wa Nguzo, kikaufunika wote.

"Kabisa," Desmond akadakia, kiti kikilia chini yake. "Wanampita kila siku, hakuna anayemtazama. Mtu asiyetazamwa anapoteza uso. Hiyo ndiyo ishara yenyewe. Lowell, umeipata."

"Hata mimi nilihisi kitu kama hicho," Trevor akasema. "Sikujua tu niseme vipi."

Bernadette alivuta nakala yake karibu. "Mimi naona pua hapa."

"Bernie, ipo siku utajifunza kusoma," Lowell akamwambia.

"Na wewe ipo siku utajifunza kula bila kunirushia makombo."

Wakacheka, mambo yakaishia hapo. Toleo la nne nalo likapita vivyo hivyo. Hana uso, akasema Lowell, na sasa hata wapitao juu ya daraja nyuso zao zinaanza kufifia. Desmond aliipenda hoja hiyo kiasi cha kuwafundishia wanafunzi wake. Watu wazima waliosoma katuni miaka na miaka, wakiambiwa na mtu wanayemwamini kwamba kilichopo hakipo, walikubali bila kuuliza, kwa kuwa mezani pale jambo likionekana kwa macho ya kawaida lilihesabiwa kuwa jepesi.

Bernadette peke yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi, na si kwa sababu ya pua. Alimwona Lowell akimimina maziwa kando ya kikombe. Alimwona akiinua mkono kumsalimia Stan kwa jina la Trevor, kisha akijirekebisha aliposikia sauti. Aliona pia kwamba siku hizi akimtazama mtu humtazama sikioni. Mara mbili alitaka kumvuta kando akaghairi. Mtu mzima haulizwi mambo ya mwili wake kama mtoto, alijiambia. Na ukweli ni kwamba aliogopa jibu.

Lowell naye usiku hakulala vizuri. Alijua nyuso za watu barabarani zilikuwa zimeingia ukungu, lakini aliusukumia ukungu huo kwenye jicho la kushoto. Maneno ya kitabu aliyasoma kwa lenzi kubwa, akiyavizia kutoka pembeni, na madaraja na majani na ndege aliviona. Uso tu ndio haukuonekana. Kwa hiyo lazima awe ni mchoraji. Alihitaji awe mchoraji. Alikuwa ameahirisha miadi ya daktari, akisingizia mafua.

Jumatano ya toleo la tano theluji ilikuwa imefunga nusu ya mji, lakini wote walifika. Lowell alifungua kitabu katikati, akakigeuza wakione. Safari hii hazikuwa picha ndogo. Mchoraji alikuwa ametoa ukurasa mzima kwa picha moja, kichwa cha Nguzo kutoka karibu, kikubwa kama sahani.

"Hapa sasa amefika mwisho," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Tazameni. Nywele zipo. Masikio yapo. Ukosi wa shati upo. Katikati, karatasi tupu. Uso mzima ameuacha mweupe. Mchoraji huyu ana moyo." Akaweka kidole katikati ya ukurasa, na kidole hakikufunika hata shavu.

Trevor alimtazama Stan. Stan aliinuka akazima mtambo wa kahawa, kana kwamba kelele zake ndizo zilizowazuia kuelewa.

Desmond akajaribu. "Kwa upande wa ishara, tunaweza kusema kwamba..."

"Desmond, nyamaza kidogo," Bernadette akasema. Hakuwa mkali. Akamgeukia mwenzake. "Lowell. Uso upo."

Lowell aliuacha mkono wake palepale. "Weka kidole," akasema.

Bernadette akafuta mikono, akanyoosha kidole, akakiweka kwenye jicho la Nguzo. Lowell aliuona mkono wa sweta yake, aliona saa yake, aliona kifundo cha mkono wake. Kuanzia hapo kidole kilizama katika weupe uleule. Aliziba jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama kwa la kulia. Kidole hakikurudi.

"Basi na la kulia limekwenda," alisema.

Kisha akawaambia yote kwa mpangilio, kama alivyokuwa akitoa taarifa ya kiungo kibovu kiwandani: daktari, jicho la kushoto, basi, petroli, mafua. Hakulalamika. Alipomaliza hasira ilimpanda, na ikawaangukia wao.

"Nyinyi mna macho. Toleo la tatu, la nne, nasema hana uso, na mnanitazama tu. Mbona mlinyamaza?"

"Mimi niliuona," Trevor akasema, akitazama meza. "Niliuona uso, mzee. Nikasema labda wewe umeona kisichoonekana. Wewe ndiye huwa unaona."

"Mimi nimewafundisha watu," Desmond akasema kwa sauti ndogo.

"Mimi nilikuwa na pua mkononi nikaiachia," akasema Bernadette. "Unisamehe. Nilijua kuna kitu, nikaogopa kukuuliza."

Lowell alipapasa mpaka akakipata kikombe chake, akakuta kimepoa, akakirudisha. Pale kwenye kiti chake, chini ya taa, alijiona yeye ndiye aliyewapoteza wote, na aibu hiyo ilimuuma kuliko habari ya jicho. Wakati ule alifikiria kumwomba Stan amfutie jina kwenye rafu ya wateja wanaowekewa vitabu, achukue koti lake na asirudi. Aliinuka nusu. Lakini mbele yake kulikuwa na ukurasa ambao wengine wameuona na yeye hajauona, na hilo hakuweza kuliacha mezani.

Akaketi. "Ukoje?" akauliza.

"Nini?"

"Uso, Bernie. Usinipe maana. Nipe kilichopo."

Bernadette alivuta kiti karibu, akakiinamia kitabu. Ilimchukua muda kuanza, kwa kuwa hakuwa amezoea kutazama hivyo.

"Ni mzee," akasema. "Katika la kwanza alikuwa kijana, sasa ni mzee. Ana mikunjo hapa chini ya macho, mingi. Ndevu hajanyoa. Mdomo ameubana, kama mtu asiyetaka asikike. Macho mekundu." Akasita. "Analia, Lowell. Machozi yamepita kwenye mashavu yote mawili, mpaka kidevuni, mpaka kwenye shati. Na anatutazama sisi."

"Tangu ukurasa gani?"

Bernadette akafungua toleo la nne, kisha la tatu. Karatasi zilisikika zikigeuka. "Tangu toleo la tatu. Ukurasa wa kwanza kabisa."

Lowell alipapasa ukurasa kwa kiganja. Kisha akasema polepole, "Mtu analia mbele yangu siku zote hizo, nami nawaambia watu hana uso."

Akalia palepale mezani, mdomo wazi, bila kujifunika, na kwenye meza ile safari hii hakuna aliyetafuta maana.