Siku Darasa la Sita Lilipokuja Kulitazama Lilungu

Waliokuwepo ni hawa: mimi, mwanangu wa mwisho, mwenye shamba tangu baba yake afariki, mkewe, binti yao, ambaye ndiye mjukuu wangu wa darasa la sita, mwalimu wake, ambaye bibi yake na mimi tulipata kipaimara siku moja, na darasa lenyewe, waliokuja kwa miguu kutoka mjini, wasichana wengi kuliko wavulana. Majina yao nayajua yote, na ya babu zao, lakini watoto wa watu siwaandiki.

Asubuhi ile sikukalika. Nilifagia uwanja, nikafagia tena. Mke wa mwanangu akasema, "Mama, hata kuku wamechoka kuukimbia huo ufagio."

Jambo lenyewe ni hili. Pembeni mwa shamba letu kuna lilungu, tanuru la udongo refu kupita mtu, ambamo wazee wetu waliyeyusha mawe wakapata chuma cha majembe. Kichwani limemomonyoka, lakini limesimama. Mwanangu alitaka kulivunja, maana maksai wakifika pale na plau lazima wazunguke. Nilimsihi mpaka akachoka kunisikia. Mwisho akasema, "Mwalimu anasema darasa litachagua kitu kimoja cha zamani cha huku kwetu, wakichore, wawe wanakuja kukitunza. Wakichagua hilo lako, siligusi. Wasipolichagua, mvua ya kwanza naliangusha, na usininunie."

Basi nikawa nawangojea watoto kama anayengojea hukumu.

Wakafika, shikamoo zikamwagika kila upande. Wakalizunguka.

"Madamu, si kichuguu hiki?" akauliza mmoja.

"Umeona wapi kichuguu chenye milango?" mjukuu wangu akamjibu.

Kijana mmoja wa wafugaji akasema kwao lingefaa kufungia ndama. Wakacheka. Mwingine, ambaye mjomba wake anaendesha lori la kwenda mpakani Kasesya, akaanza habari za maporomoko ya Kalambo, maji yanavyoanguka, na picha alizopiga mjomba. Nikaona macho ya darasa zima yanahamia Kalambo. Wengine wakataka kanisa la zamani, kwa ajili ya kengele. Lilungu langu likabaki kama mgeni asiyepewa kiti. Mwanangu alikuwa ameegemea plau, anasikiliza, na mimi sikupenda alivyotulia.

Mwalimu akaniita, "Bibi, sogea utuelezee."

"Nitaeleza kutoka hapa hapa." Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa shamba la ulezi.

"Kwa nini, Bibi? Kuna nyoka?"

Ikabidi niseme. Lilungu likijengwa, wazee waliliita bibi harusi, wakalipamba. Siku za kazi wanaume walilala huko huko, hawarudi kwa wake zao, na mwanamke hakulisogelea. Bibi yangu alikuwa akiweka chakula mbali, pale pale niliposimama mimi, anarudi bila kugeuka. Akanifundisha na mimi kupita mbali. Moto wenyewe ulizimika kabla sijapata akili, lakini miguu yangu haijaambiwa.

Loo, wavulana walivyofurahi! "Mmesikia? Wasichana wote nyuma! Nendeni kwa Bibi!"

"Kwani mlilijenga ninyi?" akasema mjukuu wangu, na hapo hapo akainama, akaingia kwa mlango ule mkubwa. Mwenzake akafuata, na mwingine, wakabanana humo mpaka kicheko kikawa kinatokea juu kama moshi. Nilitaka kuwaita watoke, nikataka pia wasitoke. Bonge la udongo likadondoka. Kisha sauti ikatoka ndani: "Madamu! Huku kuna alama za vidole vya mtu!"

Mwalimu akawapanga, wakanyoosha mikono. Kalambo ikapata wavulana, kanisa likapata wachache. Lilungu lilipotajwa, wasichana wote wakanyoosha, wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

"Madamu, wamechagua kwa ubishi tu!" akalalamika yule wa Kalambo.

"Na wewe Kalambo umeifikia lini?" mwalimu akamuuliza.

Mwanangu akawatazama, akanitazama mimi, akawageuza maksai. "Haya, Mama. Nitazunguka."

Mvua ya kwanza imeshapita na lilungu lipo. Wasichana wanakuja kung'oa majani, wanaingia na kutoka. Nafurahi, halafu furaha hainikai, maana lililolinusuru ndilo lile tulilokatazwa. Mjukuu wangu kila akija ananivuta kitenge: "Bibi, twende ukavione vile vidole." Nafika ukingoni mwa shamba la ulezi, nasimama.

Huenda nakumbuka vibaya. Huenda bibi yangu alisema mwanamke asisogee siku za moto tu, na hayo mengine niliyaongeza mwenyewe kwa woga wa utoto. Wewe unayesoma, kama bibi yako naye alipeleka chakula kwenye malungu, nirekebishe. Na kama ni siku za moto tu, uniambie upesi, nikiwa bado naweza kuinama mlangoni.